Kwa nini mkahawa wa baga haununui viazi vyako, na ni nani anayevinunua

Baada ya kipindi chetu kuhusu bei ya viazi mviringo, swali lililorudi mara nyingi kwenye simu ya studio lilikuwa hili: mikahawa ya mjini inauza chipsi kutwa kucha, mbona hatuwaoni wakija huku kununua viazi? Wasikilizaji wengine waliuliza jambo jingine kabisa: ukienda mjini kwa matibabu, au kumsalimia mtoto aliyeko chuo, utakula wapi usiumie tumbo wala mfuko?

Maswali hayo mawili yanakutana kwenye sahani moja. Kwa hiyo tulikaa Dar es Salaam siku nne, tukala pale watu wa kawaida wanapokula, na kila tulipokula tukauliza viazi vimetoka wapi. Bei tunazozitaja ni zile tulizolipa sisi; kwingine utakuta tofauti.

Kwa mama lishe

Tulianzia Kariakoo, kwa sababu wasafiri wengi wa kutoka mikoani hupita huko. Jina la zamani la biashara hii, mama ntilie, linajieleza lenyewe: mteja anafika na kusema "mama, nitilie". Hakuna menyu. Masufuria yako mbele yako, unaona wali, ugali, maharage, samaki wa kukaanga na mchicha, unaonyesha kwa kidole.

"Karibuni baba zangu, niwawekee nini?" alisema mama mmoja mwenye masufuria sita na mabenchi mawili. Wali, maharage na mboga za majani ilikuwa shilingi 2,500. Ukiomba akuongezee mchuzi, anaongeza na wala hasemi kitu kuhusu bei. Tunasema wazi kwamba katika siku zote nne, chakula kilichotushibisha kwa pesa kidogo kuliko vyote ni hiki.

Jambo la kuangalia ni saa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae na moto wa zaidi ya nyuzi 60 za Sentigredi mpaka kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Wewe huna kipimajoto, lakini una macho: angalia mvuke. Ukifika saa sita au saa saba mchana, sufuria bado iko jikoni. Ukifika saa kumi na wali umefunikwa kwa kitambaa, mwambie akupashie moto, na usione aibu. Angalia pia kama pana maji yanayotiririka ya kunawa, hata ya ndoo yenye bomba. Beseni moja linalonawiwa na watu kumi si la kunawa.

Viazi kwake ni kidogo tu, vya kutia kwenye mchuzi. Tukaendelea.

Kwenye banda la chipsi

Jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi, karibu kila kona ya jiji inawaka taa juu ya sanduku la kioo. Ndani ya kioo kuna kuku waliokaangwa, mishkaki mibichi inayosubiri moto, na rundo la chipsi. Pembeni kuna karai la mafuta juu ya jiko la mkaa au la gesi, na kijana mmoja anayefanya kazi ya watu watatu.

Chakula kinachoongoza hapa ni chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege. Chipsi zilizokwisha iva hutiwa kwenye kikaango kidogo, mayai mawili yaliyopigwa humiminwa juu yake, kisha vyote hugeuzwa mpaka vishikane kama sahani nene ya duara. Inaliwa kwa vijiti vya meno, pamoja na kachumbari, sosi ya nyanya na pilipili. Tulilipa shilingi 3,500. Kama hujawahi kuila, anza na nusu, kwani ni nzito na jina lake halidanganyi.

Tulimwomba kijana mmoja ruhusa ya kukaa nyuma ya banda lake kuanzia mchana. Hapo ndipo tulipojifunza mengi kuliko mahali pengine popote.

Huanza kumenya saa saba. Viazi vilivyokatwa vinaingia kwenye ndoo ya maji, si kwa ajili ya usafi peke yake. Maji huondoa wanga ulioko juu ya kipande, ule unaofanya chipsi zigandane na kuungua upesi. Kisha anakaanga mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa moto wa wastani mpaka ndani paive, bila rangi. Anazitoa, anaziacha zipoe. Mteja akija ndipo anazirudisha kwenye mafuta yenye moto mkali kwa dakika chache, zinapata rangi na kukauka juu. Hakusomea popote, lakini hivyo ndivyo hata viwanda vikubwa vinavyofanya, mahali pa ndoo pakiwa na mitambo.

Tulimuuliza anachagua viazi vipi sokoni. Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo kwa miaka.

"Kiazi kidogo sikitaki, nusu yake inaishia kwenye maganda. Chenye macho ya kuzama sikitaki, kisu kinachimba mpaka kiazi kinaisha. Kichanga ndiyo kabisa, kinaniungulia nje na ndani hakijaiva. Mkulima akikosea kule, mimi ndiye ninayegombana na mteja hapa."

Gunia moja analimaliza kwa siku tatu, na mwisho wa mwezi kwa siku mbili. Kwenye mtaa ule tulihesabu mabanda 9. Kama mengine yanauza kama lake, mtaa mmoja tu unakula gunia tatu kila siku, na sisi tulipita mitaa mingi. Gunia zote alizonunua wiki ile, kwa maelezo yake, zilitoka Mbeya na Njombe. Kwa hiyo sehemu ya jibu la swali lenu ni hii: viazi vyenu vinaliwa mjini kila usiku, ila mnunuzi wake ni huyu wa barabarani, na kati yenu naye pana madalali wawili au watatu.

Kwa mlaji, kitu cha kuogopa bandani ni mafuta. Mafuta mazuri yana rangi ya manjano na hayatoi moshi kabla chipsi hazijaingia. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yana povu lisiloisha na harufu kali, yametumika mno. Wauzaji wengi huongeza mafuta mapya juu ya ya zamani badala ya kuyamwaga, na gharama ya mafuta ya kupikia inaeleza kwa nini. Mshikaki nao ukatwe katikati uone: ukiwa mwekundu ndani, mrudishie aongeze moto.

Mwenzetu mmoja alivuka mpaka Unguja na kula Forodhani, bustani iliyo mbele ya bahari Mji Mkongwe ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Huko jioni hupangwa meza za mishkaki, pweza, juisi ya miwa na ile inayoitwa Zanzibar pizza, ambayo kwa kweli ni chapati nyembamba iliyokunjwa ikiwa na nyama na yai ndani. Alirudi akisifia urojo zaidi kuliko vyote, na humo ndani pia kuna vipande vya viazi mviringo. Ushauri wake ni mmoja: uliza bei kabla sahani haijajazwa.

Ukumbi wa vyakula

Siku ya tatu tuliingia kwenye jengo kubwa la maduka. Ghorofani kuna ukumbi wenye meza nyingi, na kuuzunguka kuna wauzaji mbalimbali wamepangana: mmoja pilau, mwingine vyakula vya Kihindi, mwingine kuku, mwingine baga. Meza si za mtu. Unanunua kwa yeyote, unakaa popote, na watu wanne wa familia moja wanaweza kula vyakula vinne tofauti mezani pamoja.

Mfano unaotajwa sana wa mpango wa namna hii ni Singapore. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya huko iliwatoa wachuuzi wa chakula barabarani, ikawajengea vituo vyenye paa, maji, mifereji na leseni, huku chakula kikibaki kilekile cha bei nafuu. Desemba 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo wa kula vituoni kama urithi wa dunia usioshikika. Tunaitaja kwa sababu ukumbi wa vyakula tuliouona Dar una paa na maji, lakini bei si ya mama lishe. Sahani ya pilau na kachumbari ilitugharimu shilingi 12,000. Mama wa Kariakoo hayumo humo, na kwa kodi ya jengo kama lile haielekei ataingia.

Hata hivyo msikilizaji wetu asiogope kuingia. Hakuna anayeulizwa anakwenda wapi. Vyoo ni visafi na maji yapo, jambo ambalo kwa mama aliyesafiri na mtoto mdogo lina thamani kuliko pilau. Utaratibu ni huu: unakwenda dirishani, unasoma ubao wa bei, unaagiza, unalipa kwanza kwa pesa taslimu au kwa simu kupitia lipa namba, unapewa risiti yenye namba. Unakaa mpaka namba yako iitwe. Wengine hukupa kidude kinachotetema chakula kikiwa tayari. Mmoja wetu alishtuka mpaka akakiangusha. Kama bei haionekani, uliza, na uliza pia kama imejumuisha kodi.

Mkahawa wa baga

Baga ni nyama ya kusaga iliyofinyangwa duara bapa, ikakaangwa au kuchomwa juu ya bati la moto, kisha ikawekwa katikati ya mkate wa mviringo pamoja na nyanya, kitunguu, majani ya saladi na sosi. Jina lake kamili kwa Kiingereza, hamburger, limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani. Tunalieleza hili kwa sababu sehemu ya kwanza ya jina hilo inafanana na neno la Kiingereza la paja la nguruwe, na Waislamu kadhaa wametuuliza. Baga ya kawaida ni nyama ya ng'ombe. Hata hivyo, baadhi ya mikahawa huongeza bekoni, ambayo mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo uliza, na uliza pia kama nyama ni ya halali.

Aina hii ya mkahawa wa kuagiza na kupata mara moja ilishika kasi Marekani. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mkahawa San Bernardino, California. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda, wakapunguza menyu mpaka vyakula vichache, wakawaondoa wahudumu wa kupeleka chakula kwa wateja, wakagawa kazi jikoni kama kiwandani: mmoja anageuza nyama, mwingine anatia sosi, mwingine anafunga. Baga moja waliiuza senti 15. Mwaka 1955 Ray Kroc alifungua tawi lake karibu na Chicago, na mengine yakafuata. Walichouza si nyama peke yake. Waliuza uhakika kwamba ya leo itafanana na ya jana, na ya mji huu na ya mji ule.

Sisi tulilipa shilingi 22,000 kwa baga, chipsi na soda. Nyama ilikuwa laini na yenye juisi, mkate una utamu kidogo usiotarajiwa, na inahitaji mikono miwili. Ilishibisha, lakini si mara sita ya mabaki ya zege tuliyokula jana yake, ingawa bei inadai hivyo. Chipsi zake zilikuwa na urefu mmoja, rangi moja, kavu nje na laini ndani. Kwa ladha, wawili kati yetu watatu tulipendelea za bandani.

Kwenye baga, hakikisha nyama imeiva mpaka katikati. Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu juu yake, na moto wa juu huviua. Ukiisaga, kilichokuwa juu kinaingia ndani. Mwaka 1993 nchini Marekani, baga zisizoiva vizuri ziliugusha zaidi ya watu 700 na watoto wanne wakafariki. Tangu hapo mamlaka za huko husisitiza nyuzi 71 za Sentigredi katikati ya nyama ya kusaga. Ukiikata ikawa ya waridi na huna hakika, irudishe.

Kisha tukauliza swali letu. Mhudumu alikuwa muungwana, akatuonyesha boksi. Chipsi zimekuja zikiwa zimemenywa, zimekatwa, zimekaangwa mara ya kwanza na kugandishwa kiwandani, nje ya nchi. Jikoni kwake wanafungua mfuko na kumwaga kwenye mafuta.

Chipsi za boksi zilianzia wapi

Mtu anayehusishwa zaidi na biashara hii ni J. R. Simplot, mfanyabiashara wa viazi wa jimbo la Idaho, Marekani. Katika miaka ya 1940 mkemia wa kampuni yake, Jack Dunlap, alipata njia ya kugandisha chipsi bila kuziharibu. Mwaka 1967 Simplot na Kroc walikubaliana kwa kupeana mkono kwamba McDonald's itanunua chipsi zilizogandishwa. Mkahawa haukuhitaji tena mtu wa kumenya, wala kuhangaika kwamba viazi vya mwezi huu si kama vya mwezi uliopita. Kwa mkulima wa Idaho ilikuwa soko. Kwa mkulima wa mbali na kiwanda ilikuwa mlango uliofungwa.

Jirani zetu wa Kenya waliuona mlango huo vizuri Januari 2022. KFC iliishiwa chipsi kwa sababu meli zilizoleta viazi kutoka nje zilichelewa wakati wa usumbufu wa Uviko-19. Wakenya walikasirika: viazi vimejaa Nyandarua, na mkahawa unatangaza kwamba hauna chipsi? Wito wa kususia ulienea mitandaoni. Kampuni ilieleza kwamba wasambazaji wake wote lazima wapitishwe kwanza kwenye ukaguzi wake wa ubora, hivyo haiwezi kununua sokoni tu. Baada ya shinikizo na mazungumzo, ilisema itatafuta wasambazaji wa ndani.

Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Hasira ilikuwa ya haki, lakini mkulima peke yake na gunia zake hawezi kuingia pale, hata kiazi chake kiwe kizuri namna gani. Katikati panatakiwa kiwanda cha kukata na kugandisha, umeme usiokatika, magari ya baridi, na rekodi za shamba: mbegu gani, dawa gani, lini. Hilo ni jambo la vyama vya ushirika, wawekezaji na serikali, na halitafika msimu huu.

Unachoweza kufanya msimu huu

Kijana wa bandani anataka kitu unachoweza kumpa, na anachokitaka kinafanana kwa sehemu kubwa na kile kiwanda kinachotaka.

Kwanza ni wanga. Kiazi cha chipsi kiwe na sehemu kavu ya asilimia 20 au zaidi. Chenye maji mengi hunyonya mafuta na kulegea. Unaweza kujipimia nyumbani: changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, koroga mpaka iyeyuke yote, tumbukiza kiazi. Kikizama, kina wanga wa kutosha kwa chipsi. Kikielea, ni cha mchuzi. Pima viazi vingi vya shamba moja, si kimoja.

Pili ni sukari, ambayo ndiyo inayogeuza chipsi kuwa za kahawia na chungu kabla hazijaiva. Inatoka sehemu mbili. Moja ni kuvuna mapema kukimbilia bei. Kiazi kichanga hakijamaliza kugeuza sukari kuwa wanga. Kata mashina, kisha acha viazi ardhini kama wiki mbili ngozi ikomae, ndipo uvune. Nyingine ni baridi. Kiazi kikikaa chini ya nyuzi 8 hivi, wanga wake hurudi kuwa sukari. Wasikilizaji wa Njombe na Makete wanajua usiku wa Juni na Julai ulivyo. Viazi vilivyopigwa baridi ghalani viwekwe mahali pa nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuuzwa. Sehemu kubwa ya sukari hupungua.

Tatu ni mwanga. Kiazi kilichokaa juani huwa kijani na hutengeneza sumu iitwayo solanini, ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Palilia kwa kuinua udongo, na ghala liwe na giza.

Kuhusu aina ya mbegu, ulizia kituo cha utafiti cha TARI Uyole au afisa ugani wako aina yenye macho ya juu juu, umbo refu na wanga mwingi. Kenya aina ya Shangi inatawala kwa sababu inakomaa haraka na inaiva upesi, lakini inachipua mapema sana baada ya kuvunwa, kwa hiyo haingoji bei. Kabla ya kubadili mbegu, uliza inakaa ghalani muda gani.

Na kuna lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo hukamata, na bado gunia la kuvimba linasafiri. Tulimuuliza kijana wa chipsi kama lumbesa inamfaidisha yeye. Alicheka. Ikifika sokoni hufunguliwa, viazi hupangwa upya kwa ndoo na debe, na yeye hununua kwa ndoo. Ule uzito wa ziada uliotoka shambani bure huishia njiani.

Tukamuuliza kama angemlipa mkulima zaidi kwa gunia lililochambuliwa, viazi vikubwa vitupu, vilivyokomaa, vilivyopimwa kwenye mizani. Alisema angelipa, tena kwa simu siku hiyohiyo. Ila analitaka kila Jumatatu na kila Alhamisi, alfajiri, mwaka mzima, na mkulima mmoja hawezi kumletea hivyo. Alishauri watafutane kumi.